Kibali cha Mazingira kwa Biashara Ndogo: Namna ya Kukiomba Wilayani na Faida Yake kwa Afya Yetu



Wahamasishaji wetu wa usafi huulizwa mara nyingi swali hili: "Mimi nataka kufungua mgahawa mdogo, au kinyozi, au kutengeneza sabuni. Je, nianze tu, au kuna karatasi ya kuomba?" Wengine wameshaanza, na siku wakaguzi wanapofika wanalazimika kufunga, sufuria zikiwa bado jikoni na deni la unga halijalipwa. Hasara ya namna hiyo inaumiza familia nzima, na mara nyingi inaweza kuepukwa kwa kuuliza mapema.

Katika makala hii tunaeleza ruhusa ya mazingira na usafi ni nini, nani anapaswa kuiomba, inaombwa wapi katika Wilaya ya Rusizi, na mkaguzi anaangalia nini anapokuja. Sisi ni shirika la afya, hatutoi vibali. Tunaandika kwa sababu mambo yanayoulizwa katika kibali ni yale yale yanayoleta au kuzuia kuhara, kipindupindu, malaria na kikohozi kati yetu.

1. TUSICHANGANYE KARATASI

Watu wengi husema "kibali" wakiwa na maana ya vitu vinne tofauti. Ni muhimu kuvitenganisha:

(a) Ruhusa ya uongozi wa kambi. Hii inahusu mahali: je, unaweza kuweka meza, kibanda au jiko hapo unapotaka? Inatolewa na msimamizi wa kambi kutoka wizara inayoshughulikia wakimbizi (MINEMA), kwa kushirikiana na kamati ya wakimbizi.

(b) Patanti. Hii ni kodi ya kufanya biashara. Inaonyesha kwamba umelipa. Haionyeshi kwamba mahali pako ni safi.

(c) Ukaguzi wa usafi. Hapa ofisa wa afya na usafi wa sekta au wilaya anaangalia maji, choo, taka na afya ya wanaoshika chakula.

(d) Tathmini ya athari kwa mazingira. Hii ni kwa miradi inayoweza kudhuru ardhi, maji au hewa kwa kiasi kikubwa. Inafuata Sheria ya Mazingira ya Rwanda ya mwaka 2018 na orodha ya miradi iliyotolewa kwa amri ya waziri mwaka 2019.

Mwenye patanti anaweza kufungiwa kwa sababu ya uchafu, na mwenye mgahawa safi anaweza kufungiwa kwa kukosa patanti. Karatasi moja haichukui nafasi ya nyingine.

2. KWA NINI WANAULIZA HABARI ZA MAJI MACHAFU YA MUUZA MAHARAGE?

Wapo wanaosema: "Biashara yangu ni sufuria mbili tu. Itaharibu mazingira gani?" Tujibu kwa mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza uko karibu nasi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walifika Goma, upande wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kwa siku chache tu. Ardhi ile ni mawe ya volkano, vyoo havikuchimbika, na watu wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyatibu. Kipindupindu kikaingia, kikafuatiwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu karibu 50,000. Hakukuwa na kiwanda pale wala sumu. Kilichoua ni kinyesi kilichoingia katika maji, na mikono na vyombo visivyosafishwa. Mahali watu wanapoishi wamebanana, sufuria mbili za mtu mmoja zinalisha watu mia. Zikichafuka, wanaugua watu mia.

Mfano wa pili ni wa Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi pembeni ya nyumba za watu, kabla taratibu za tathmini ya mazingira hazijafuatwa ipasavyo. Moshi na maji yake yalibeba madini ya risasi, na madini hayo yakakutwa katika damu ya watoto wa mtaa. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia ni haki yao, lakini haimrudishii mtoto akili yake. Maswali ambayo yangeuliza "moshi utaelekea wapi, maji yatamwagika wapi?" yalipaswa kuulizwa kabla ya moto wa kwanza kuwashwa.

Basi kibali cha mazingira ni kuuliza maswali hayo mapema, wakati kubadilisha mahali pa shimo kunahitaji jembe tu.

3. BIASHARA YAKO IKO KATIKA KUNDI GANI?

Kundi la kwanza: biashara zisizo na madhara makubwa. Mfano ni duka la vitu vidogo, ushonaji, utengenezaji wa simu, kuuza mboga na nyanya, kusuka nywele. Hizi hazihitaji tathmini ya mazingira. Zinahitaji ruhusa ya mahali, kufuata taratibu za kodi, na usafi wa kawaida pamoja na pipa la taka.

Kundi la pili: biashara ndogo zenye maji machafu, moshi, harufu, kelele au chakula. Mfano ni mgahawa, chai na mandazi, mishikaki, kukausha na kuuza sambaza, bucha, kutengeneza sabuni, mashine ya kusaga, kuosha pikipiki, kufuga nguruwe au kuku wengi, kuchomelea vyuma, kutengeneza betri. Hapa ndipo wengi wetu tuko. Usianze bila kuonana na ofisa wa usafi au wa mazingira, kwani yeye ndiye atakayesema kama ukaguzi unatosha au kama mradi wako unahitaji zaidi.

Kundi la tatu: miradi mikubwa. Mfano ni kiwanda, machinjio ya umma, kituo cha mafuta, machimbo, hoteli kubwa. Hizi zinahitaji tathmini kamili inayofanywa na wataalamu, na maombi yake hayaishii wilayani bali hupelekwa ngazi ya taifa. Chama cha ushirika kinachofikiria mradi wa namna hii kitafute mshauri tangu mwanzo.

Kuna pia kazi ambazo hakuna ofisi itakayozipa kibali. Kutengeneza na kuuza kanyanga ni kosa. Kukata miti kwa ajili ya makaa bila idhini ni kosa. Na ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa Ziwa Kivu na mita 10 kutoka mito mikubwa kama Rusizi umehifadhiwa, usijenge kibanda wala kuchimba shimo hapo.

4. OMBI LINAPITA WAPI?

Wenye umri mkubwa bado wanasema "Cyangugu", na wengine wanatafuta ofisi ya mkoa wa zamani. Tangu mwanzo wa mwaka 2006 mkoa wa Cyangugu haupo tena. Tuko katika Wilaya ya Rusizi, Jimbo la Magharibi, na wilaya ina sekta 18, kuanzia Kamembe na Gihundwe hadi Bugarama na Bweyeye. Ngazi ni hizi, kutoka chini kwenda juu:

- Mudugudu: kiongozi anayekufahamu na anayefahamu majirani zako.
- Seli ("akagari"): katibu mtendaji, ambaye watu humwita gitifu.
- Sekta ("umurenge"): gitifu wa sekta pamoja na maofisa wake wa afya, usafi na ardhi.
- Wilaya ("akarere"): meya na idara zake, pamoja na ofisa wa mazingira.

Usiruke ngazi. Barua inayofika wilayani bila kupitia sekta kwa kawaida hurudishwa sekta, na wewe umepoteza nauli na siku.

Kama biashara iko ndani ya kambi, anza na msimamizi wa kambi. Kama iko nje, sokoni au barabarani, anza na seli ya mahali biashara itakapokuwa, siyo seli ya mahali unapolala. Ukihitaji ruhusa ya kutoka kambini ili ufike ofisini, iombe mapema na uitembeze pamoja na kitambulisho chako.

Jambo moja kwa walio katika vituo vya kupokelea watu kwa muda: kibali kinahusu mahali, hakimfuati mtu. Ukihamishwa kwenda Mahama au kambi nyingine, utaanza upya kule. Kwa hiyo usitumie akiba yako yote kujenga jiko la saruji mahali ambapo huenda ukakaa wiki chache. Anza na kitu kinachobebeka.

5. HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Chagua mahali na uulize majirani. Simama hapo asubuhi na jioni. Upepo unaelekea wapi? Mvua ikinyesha maji yanatoka wapi na kwenda wapi? Bomba au kisima kiko umbali gani? Jirani akikubali mbele ya kiongozi wa mudugudu, malalamiko yanapungua baadaye.

Hatua ya 2: Chora mchoro rahisi. Huhitaji injinia. Karatasi moja inatosha: kibanda, jiko, choo, shimo la maji machafu, pipa la taka, bomba la karibu, nyumba za jirani. Andika umbali kwa hatua au mita.

Hatua ya 3: Andika barua. Mfano uko hapa chini.

Hatua ya 4: Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha mkimbizi au hati nyingine uliyopewa, barua ya msimamizi wa kambi, mchoro wako, na kwa wauza chakula cheti cha kupimwa afya. Ukiwa katika kikundi, ongeza majina ya wanakikundi na jina la mwakilishi.

Hatua ya 5: Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, uirudishe nyumbani. Bila muhuri huo huwezi kuonyesha kwamba uliomba.

Hatua ya 6: Subiri ukaguzi ukiwa tayari. Usifungue biashara kwa sababu tu barua imepokelewa. Kupokelewa siyo kukubaliwa.

Hatua ya 7: Ukipewa kibali, soma masharti yote na tarehe ya mwisho. Kibandike mahali wateja wanapokiona, na nakala uiweke nyumbani mbali na mvua na panya.

Kuhusu lugha: Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017. Hata hivyo kazi nyingi za sekta na wilaya zinaandikwa kwa Kinyarwanda. Kama hujui kukiandika, omba kijana anayesoma shule au mjumbe wa kamati akusaidie, lakini hakikisha anakusomea alichoandika kabla ya kutia sahihi.

6. MFANO WA BARUA

Jina: ____________
Namba ya kitambulisho: ____________
Kambi / Mtaa / Namba ya nyumba: ____________
Simu: ____________
Tarehe: ____________

Kwa Mheshimiwa Meya wa Wilaya ya Rusizi
Kupitia kwa Katibu Mtendaji wa Sekta ya ____________

YAH: Maombi ya kibali cha kuendesha mgahawa mdogo

Mheshimiwa,

Ninaomba kibali cha kuendesha mgahawa mdogo katika seli ya ____, mudugudu wa ____. Nitauza chai, mandazi, ugali na maharage kwa watu wasiozidi ____ kwa siku. Nitafanya kazi kuanzia saa ____ asubuhi hadi saa ____ jioni.

Maji nitayachota kwenye bomba la ____, kiasi cha lita ____ kwa siku. Maji machafu yatapita katika chujio la mafuta na kuingia shimo lililo umbali wa mita ____ kutoka bomba. Taka zinazooza zitawekwa shimo la mboji, na taka nyingine zitapelekwa ____. Choo kiko umbali wa mita ____, na penye choo na jikoni pana maji na sabuni ya kunawa mikono. Nitatumia ____ kwa kupikia.

Naambatanisha nakala za kitambulisho, barua ya uongozi wa kambi, mchoro wa mahali na cheti cha afya. Niko tayari kukaguliwa siku yoyote mtakayopanga.

Wako mtiifu,
(sahihi)

Angalieni kwamba barua hii haisimulii shida za mwombaji. Ofisa anajua kwamba mkimbizi ana shida. Anachotaka kujua ni maji yatakwenda wapi.

7. SIKU YA UKAGUZI: MAMBO YANAYOANGALIWA

Maji ya matumizi. Yawe ya bomba au yaliyotibiwa, na yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Bidoni yenye koo jembamba au ndoo yenye koki ni bora kuliko karai ambalo kila mtu anachovya kikombe. Maji ya mtoni yasitumike kuoshea vyombo bila kutibiwa.

Maji machafu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tueleze vizuri. Maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa nje hukusanyika, hunuka, huleta nzi, na kwenye mteremko hushuka hadi kwa jirani wa chini. Dawa yake ni shimo la kufyonza maji:

- Chagua mahali angalau mita 30 kutoka bomba, kisima au chemchemi, na pawe chini ya mteremko kuliko chanzo cha maji.
- Kwanza pima udongo. Chimba kishimo kidogo, ukijaze maji, uache yafyonzwe. Kijaze mara ya pili na utazame. Kama baada ya saa moja maji bado yako karibu yote, ni udongo wa mfinyanzi. Tafuta mahali pengine, au zungumza nasi kuhusu mfereji mrefu wa kufyonza badala ya shimo moja.
- Udongo ukifaa, chimba shimo la upana na kina cha mita moja au zaidi kidogo. Kitako chake kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Ukikuta maji unapochimba, simama na uhame.
- Jaza mawe makubwa chini, kisha madogo, kisha changarawe. Matofali yaliyovunjika yanafaa.
- Kabla ya maji kuingia shimoni, yapite katika chujio la mafuta: ndoo kuukuu yenye matundu chini, iliyojazwa changarawe na juu yake nyasi kavu. Mafuta na mabaki ya chakula yanakwama kwenye nyasi. Badilisha nyasi kila siku chache na uzifukie. Bila chujio, mafuta huziba udongo na shimo zuri linakufa mapema.
- Zungusha kijituta cha udongo ili maji ya mvua yasiingie. Hapa Rusizi mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba hujaza shimo lisilokingwa kwa usiku mmoja.

Choo na kunawa mikono. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa bidoni ndogo, kamba na kijiti kinatosha, mradi kuna maji na sabuni wakati wote.

Chakula. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kupashwa moto. Kifunikwe. Nyama mbichi iwe na kisu na ubao wake. Anayepika akiharisha, asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu kuhara kuisha. Mkaguzi ataomba cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, siyo cha mwenye biashara peke yake.

Dawa ya klorini. Meza na sakafu zisafishwe kwa dawa ya asilimia 0.5. Kama chupa yako ya jiki imeandikwa asilimia 5, chukua kikombe kimoja cha dawa na vikombe tisa vya maji. Soma maandishi ya chupa kwanza, kwani nguvu zinatofautiana. Tengeneza mpya kila siku, na usichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye asidi, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu.

Taka. Tenganisha maganda na mabaki ya chakula yanayoweza kuwa mboji. Usichome plastiki jikoni wala karibu na watoto. Makopo, matairi na vifuu vinavyoshika maji ya mvua vimwagwe kila wiki, kwani yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku saba hadi kumi na nne.

Moshi. Jiko la makaa lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa inaua bila harufu wala kelele. Kibanda kiwe na madirisha pande mbili au kiwe wazi.

Betri na oili chafu. Usimwage asidi ya betri wala oili ya pikipiki chini. Betri zisifunguliwe mahali watoto wanapocheza, na fundi asirudi nyumbani na nguo za kazi. Kumbukeni Owino Uhuru.

8. VIFUKO VYA PLASTIKI

Rwanda ilipiga marufuku vifuko vya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria mpya iliongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja. Muuza rejareja anayekamatwa navyo hunyang'anywa na kutozwa faini ya faranga 300,000, na muuza jumla faranga 700,000. Faini hiyo inamaliza mtaji wa wengi wetu.

Wanaotoka Bukavu kupitia mpaka wa Rusizi I wanajua jinsi vifuko vinavyotolewa mizigoni. Wengine huona ni usumbufu tu. Lakini tutazame mto wenyewe. Bwawa la umeme la Ruzizi I, lililoanza kazi mwaka 1958, limesimamishwa mara nyingi na chupa na vifuko vinavyoletwa na maji ya Ziwa Kivu na kuziba mitambo. Umeme unapokatika, pampu za maji nazo huweza kusimama, na watu wanarudi kuchota ziwani. Takataka ya soko inaweza kuwa ugonjwa wa kuhara wa mtaa mwingine. Tumia mifuko ya karatasi, kikapu, au majani ya mgomba kama wazee wetu.

9. MALIPO

Uliza ada ni kiasi gani na inalipwa wapi kabla ya kutoa pesa. Malipo ya serikali yanapita katika benki, simu au huduma ya Irembo, na yanatoa risiti au ujumbe wenye namba. Usimpe mtu pesa mkononi kwa ahadi ya "kuharakisha". Mtu wa namna hiyo akitoweka, huna risiti wala kibali. Mfanyakazi yeyote wa shirika letu akikuomba pesa au zawadi kwa ajili ya barua ya usafi, tuambie. Huduma yetu ni bure.

10. OMBI LIKIKATALIWA

Usikate tamaa, na usifungue kwa siri. Fanya hivi:

- Omba sababu kwa maandishi. "Pabaya" haitoshi. Je, ni choo? Ni shimo? Ni mahali?
- Kama ni kasoro inayorekebishika, rekebisha na uombe ukaguzi wa pili.
- Kama ni mahali, uliza wapi panaruhusiwa.
- Kama unaona umeonewa, peleka malalamiko kwa maandishi katika ngazi ya juu yake, pamoja na nakala yenye muhuri. Fanya hivyo mapema. Kamati ya wakimbizi na shirika la msaada wa sheria wanaweza kukusindikiza.

Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwaka 1980. Kifungu cha 18 cha mkataba huo kinazungumzia haki ya mkimbizi aliye nchini kihalali kujiajiri katika kilimo, ufundi na biashara, bila kutendewa vibaya kuliko wageni wengine. Kifungu cha 2 kinasema mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi iliyompokea. Ukidai cha kwanza, uwe umetimiza cha pili.

11. NCHI JIRANI

Ndugu zetu walio kwingine wanapita njia inayofanana. Kakuma, Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu maduka na biashara zaidi ya 2,000 kambini na mji wa karibu. Wenye biashara kule huomba kibali cha kaunti, na wanaoshika chakula hupimwa afya kila miezi sita. Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kwa hiyo utakachojifunza hapa, ukihamia kwingine hakitapotea.

12. MASWALI MNAYOULIZA

Nauza mandazi mbele ya nyumba yangu tu. Je, nami niombe?
Ongea na msimamizi wa kambi na mhamasishaji wa usafi wa mtaa wako. Huenda usihitaji barua ya wilaya, lakini kunawa mikono, kufunika mandazi na kumwaga maji mahali pazuri kunakuhusu.

Tuko wanawake kumi wa kutengeneza sabuni. Kila mmoja aombe?
Hapana. Ombeni kama kikundi kimoja chenye mwakilishi. Katika barua elezeni soda kali itahifadhiwa wapi. Iwe katika chombo kilichofungwa, chenye alama, juu mbali na watoto. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Msuuzeni kinywa kwa maji na mkimbize kituo cha afya.

Jirani yangu ana mashine ya kusaga, vumbi na kelele usiku. Nifanye nini?
Zungumzeni kwanza mbele ya kiongozi wa mudugudu. Isipowezekana, peleka malalamiko sekta. Kibali kina masharti ya mahali na saa za kazi, na jirani ana haki ya kuyakumbusha.

Nimepewa kibali cha chai. Naweza kuongeza mishikaki?
Mishikaki inaongeza nyama, moshi na mafuta. Mwarifu ofisa kabla ya kuongeza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uliza kabla ya kujenga.
2. Patanti siyo kibali cha usafi.
3. Usiruke ngazi, na usirudi nyumbani bila nakala yenye muhuri.
4. Shimo la maji machafu: mita 30 kutoka maji ya kunywa, chujio la mafuta juu, kijituta pembeni.
5. Lipa penye risiti.
6. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi.

Ukitaka tupime udongo wako au tuangalie mchoro wako kabla hujaupeleka, mwambie mhamasishaji wa usafi wa mtaa wako, au fika kituo cha afya uulize timu ya maji na usafi. Njoo kabla ya kuchimba.